Kuvunja Jungu Ndani ya Ukuta

Mara ya kwanza kuambiwa nikate tiketi ili nikamzuru bibi yangu, nilikuwa nimesimama mbele ya geti jipya la chuma na ufagio wa chelewa mkononi. Mama alikuwa kando yangu, ameshika kidumu cha maji, na ubani ameufunga kwenye pindo la leso. Tulikuja kufagia makaburi kabla ya Ramadhani, kama tulivyofanya kila mwaka tangu nipate akili. Kijana wa geti alitusalimu kwa adabu, shikamoo bibi, shikamoo mama, kisha akatazama viatu vyake na kutaja bei.

"Bei ya nini?" mama aliuliza.

"Kiingilio, bibi."

"Kiingilio cha wapi?"

"Cha humu. Cha Rasini."

Mama alimtazama kwa muda. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini sura za watu wa kijiji chake hakuwa akizikosea. "Wewe si mjukuu wa yule muuza mikate wa karibu na msikiti?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Babu yako amelala humo ndani, ubavuni mwa mama yangu. Na yeye aliingia kwa tiketi?"

Kijana alirudia kutazama viatu vyake. Nyuma yake ukuta mweupe ulikatiza shingo yote ya rasi, kutoka mwamba wa kaskazini mpaka mwamba wa kusini. Nilimshika mama mkono kwa sababu nilijua atakachofanya, na akakifanya. Alikaa chini. Alikaa pale pale kwenye changarawe, katikati ya njia ya magari, akanyoosha miguu na kuweka kidumu mapajani.

"Mimi siendi popote," alisema. "Nendeni mkamwite huyo mwenye kaburi la mama yangu."

Kwanza nieleze Rasini ni nini, maana leo ukiuliza utaonyeshwa picha za hoteli.

Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Horohoro, kabla hujaukaribia mpaka, kuna njia ya vumbi inayoshuka pwani kwenye kijiji alikozaliwa mama. Mbele ya kijiji ardhi inachomoza baharini, na huko ndiko Rasini. Kuna magofu ya msikiti wa zamani, paa halipo lakini ukuta wa kibla bado umesimama, na nakshi zake za mawe unaweza kuzifuata kwa kidole. Kuna makaburi ya kale, na kandokando yake makaburi yetu ya juzi na jana, kwa sababu watu wa kijiji hawakuacha kuzikana hapo. Kuna kisima cha maji matamu hatua chache kutoka kwenye maji ya chumvi. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila pwani ina kisima kama hicho.

Hapakuwa pa mtu, ndiyo kusema palikuwa petu sote. Wanafunzi waliletwa na walimu wao. Maharusi walikuja kupiga picha. Watu wa dini nyingine nao walikuja. Baba yangu alikuwa Msambaa na Mlutheri, alishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge akamkuta mama, na kila mmoja akabaki na dini yake mpaka baba alipofariki. Dada zake walikuwa wakishuka na vikapu vya peasi na viazi siku ya kuvunja jungu, ile karamu ya mwisho kabla ya mfungo. Siku hiyo kijiji kizima na nusu ya mtaa wetu wa Makorora, kule mjini, tulihamia Rasini na masufuria. Wali wa nazi ulipikwa kwa maji ya kile kisima. Shangazi zangu waliimba nyimbo zao za kanisani wakipepeta mchele, na hakuna aliyewauliza wanatafuta nini kwenye magofu ya msikiti. Nimekula vizuri mahali pengi maishani, lakini sijawahi kula kama nilivyokula pale, nimeegemea ukuta uliopata joto la jua.

Kwa hiyo habari za mwekezaji zilipofika, zilifika kama uvumi wa kifo cha mtu ambaye jana ulimwona mzima. Mkutano ukaitishwa kwenye uwanja wa shule ya kijiji. Nilikwenda na mama. Afisa aliyetumwa alikuwa mtu wa maneno mazuri, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri mno kwa vumbi lile. Alitueleza kwamba nchi ina madeni makubwa, kwamba wanaotudai hawali historia, na kwamba kila mali ya umma sasa lazima izalishe. Rasini ilikuwa imelala bure, alisema. Kampuni imepewa kwa mkataba. Itapaendeleza, italeta watalii, italeta ajira.

"Kwa muda gani?" mtu mmoja aliuliza.

Akataja muda. Watu waligeukiana. Hata mtoto aliyezaliwa asubuhi ile asingeuona mwisho wake.

Mama alinyoosha mkono. Alisaidiwa kusimama.

"Mwanangu," alimwambia afisa, "nauliza. Hilo deni alikopa nani?"

Watu walicheka. Afisa naye alicheka kidogo. "Ni deni la taifa, mama. Letu sote."

"Mimi sikulijua. Lakini nitakwambia ninachokijua. Siku tuliyomzika mama yangu pale Rasini, iliulizwa mbele ya watu wote: nani anamdai marehemu, ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Tukamzika hana deni. Sasa leo unakuja kumwambia maiti wangu anadaiwa, alipe kwa kaburi lake?"

Kicheko kilikatika. Afisa alifungua faili lake, akalifunga. Alisema hoja ya mama ni nzuri na imechukuliwa, na mkutano ukaendelea kana kwamba hoja ikishachukuliwa ndiyo imekwisha.

Miezi iliyofuata malori ya mawe yakaanza kupita. Na hapa inanibidi nimtaje mdogo wangu.

Mdogo wangu ni fundi mwashi, na ni fundi hasa. Nyumba nyingi nzuri za Makorora zina mkono wake. Wakati ule kazi zilikuwa zimekauka, watu waliacha kujenga, na yeye alikuwa akishinda barazani kwangu akitazama nikishona sare za shule. Siku moja alikuja na uso uliochangamka akasema amepata kazi kubwa, ya mwaka mzima. Nilimuuliza wapi. Akasema Rasini. Ukuta.

Nilisimamisha cherehani. "Utajenga ukuta wa kumfungia bibi?"

"Dada, nisipojenga mimi atajenga mwingine."

"Basi angejenga huyo mwingine."

"Na watoto wangu wakale kwa huyo mwingine?"

Nilirudi kushona. Nilijua watoto wake walikuwa wakila kwangu mara nyingi kuliko kwake. Lakini mama alikuwa na jibu lake. Mdogo wangu alipopata ujira wa kwanza alimpelekea sukari, unga na kitenge. Mama alivipokea, akamshukuru, kisha akavigawa vyote kwa majirani mbele ya macho yake. Hakumtukana, hakumlaani. Aliendelea kumuuliza habari za watoto na mgongo wake unaomsumbua. Ila kitu chochote kilichotoka kwenye ukuta ule hakikuingia kinywani mwake. Mdogo wangu aliumia zaidi kuliko kama angepigwa kofi.

Ndivyo tulivyofika siku ile ya changarawe, mama amekaa chini mbele ya geti.

Meneja alikuja. Alikuwa kijana msomi kutoka mji mkubwa, mpole, anayejua kuzungumza na wazee. Alichuchumaa ili uso wake uwe sawa na wa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, tunaheshimu sana mila. Tumeandaa utaratibu. Familia zenye makaburi zitajiandikisha, zitapewa siku yao, na mfanyakazi wetu atawasindikiza. Bila malipo kabisa."

"Nikitaka kuja siku nyingine?"

"Siku nyingine kuna wageni, mama."

"Na mimi nani?"

Alitabasamu. Mama alinipa mkono nimwinue. Alipangusa vumbi kwenye leso, akamwambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagana na jirani, "Sijawahi kumwomba mtu ruhusa ya kumwona mama yangu. Alipokuwa hai sikuomba, na sasa sitaomba." Tukarudi kijijini na ufagio wetu. Njiani niliogopa kumtazama usoni.

Jioni ile wanawake walikusanyika uani kwa mama, kila mmoja na ukili wake anasuka. Habari za geti zilikuwa zimeshazagaa. Mmoja alisema twende kwa mbunge. Mwingine alisema tulisusie geti tu, makaburi yana Mungu wake. Ndipo akazungumza jirani yetu Mpemba, mwanamke aliyeletwa kijijini kama bibi harusi, akapata wajukuu hapo, na bado watu wanamwita mgeni.

"Hebu niwaulizeni miye mtu wa kisiwani," alisema bila kuinua macho kwenye ukili. "Ukuta ule umeishia wapi?"

"Kwenye mwamba," nilisema.

"Na mbele ya mwamba kuna nini?"

"Bahari."

"Bahari hiyo hamuingii nyie kuchokoa pweza? Bamvua likifika, maji yakatoka, pale mbele ya Rasini si panakuwa kavu mtu akatembea mpaka mbali huko? Upande wa maji hawakujenga. Wageni wao wanataka kuiona bahari. Basi nasi tuwaonyeshe."

Kicheko kilianza upande mmoja wa ua na kuenea mpaka kwa mama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu asubuhi. Mwezi ulikuwa ukikaribia kuandama, na mwandamo ndio unaoleta bamvua. Kwa maneno mengine, bahari ingetufungulia njia siku zile zile za kuvunja jungu. Tukakubaliana. Tutapika nyumbani, tutabeba, tutapita kwa mguu.

Tatizo lilikuwa mama. Kule chini ya mwamba kuna mawe makali, kuna majani ya baharini yanayoteleza, kuna wadudu wenye miba. Mtu wa umri wake hawezi kupita. Nilimwambia tutamsomea Yasini, tutamfagilia bibi, yeye abaki. Aliniambia, "Wewe nenda ukashone sare," na hapo mazungumzo yakaisha.

Asubuhi ya siku yenyewe tulikuwa tumeshapanga masufuria kwenye ndoo za pweza ili tuonekane tunakwenda kuchokoa, ndipo mdogo wangu akatokea kwenye kona ya nyumba. Suruali alikuwa ameikunja mpaka magotini. Wanawake walifunika ndoo zao. Wengine walidhani ametumwa na kampuni.

Alimwamkia mama, akasimama mbele yake.

"Nimesikia mnakwenda," alisema. "Ule ukuta niliujenga mimi mpaka tofali la mwisho. Najua unapoishia na najua pa kukanyaga." Kisha akageuka, akachutama, akampa mama mgongo.

Nilidhani mama atakataa, kama alivyokataa kula ule unga. Lakini alijifunga leso vizuri kiunoni, akaweka mikono yake miwili kwenye mabega ya mwanawe, na mdogo wangu akainuka naye. Huo mgongo wenyewe ndio uleule mbovu anaoulalamikia kila siku. Hakulalamika.

Tulishuka pwani maji yakiwa yamekwenda mbali kabisa. Tulikuwa wanawake wengi kuliko nilivyotarajia, wa kijijini na waliokuja kutoka Makorora kwa kusikia tu, na shangazi yangu mmoja aliyesalia, ameshuka kutoka Lushoto na viatu vya mpira na kikapu chake cha viazi. Tulitembea kwenye maji ya vifundoni. Ukuta mweupe ulikuwa juu yetu upande wa kushoto. Tulipofika mwisho wake mdogo wangu alisimama, mama mgongoni, akaupiga kofi kama mtu anayempiga ng'ombe ubavuni.

"Uko imara?" mama aliuliza.

"Imara, mama."

"Umejenga vizuri," alisema. "Twende."

Tukauzunguka. Upande wa pili palikuwa Rasini, na kwa kitambo kidogo sikupatambua. Nyasi zilikuwa zimepandwa na kukatwa kama zulia. Palikuwa na miavuli ya makuti na vitanda vya kuotea jua. Kisima kilikuwa kimezungushiwa kamba. Lakini ukuta wa kibla ulikuwa palepale, na makaburi yalikuwa palepale, na tulikwenda moja kwa moja kwa bibi. Hatukukimbia wala hatukupiga kelele. Tulitandika mikeka, tukafagia, tukamwagia maji, tukachoma ubani. Mwanamke mmoja mwenye sauti nzuri alianza Yasini, tukamfuata. Mama aliweka kiganja juu ya kaburi la mama yake, akakiacha hapo mpaka mwisho.

Mbele ya magofu walikuwa wamesimamisha kibao cha maelezo. Mama alitaka nimsomee. Nikasoma kwamba mji huu wa kale ulijengwa na watu hodari ambao baadaye walitoweka, na hakuna ajuaye walikokwenda.

"Tulikwenda sokoni," mama alisema.

Wageni wawili, mume na mke, wazungu wazee, walitukaribia. Mwanamke aliniuliza kwa Kiingereza ni nani aliyezikwa pale. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha shule kwamba ni bibi yangu. Alitazama kibao, akanitazama mimi, akamwambia mumewe kitu. Kisha wote wawili waliondoa taulo zao kwenye vitanda vilivyokuwa karibu na makaburi, wakahamia mbali. Hakuna aliyewaambia wahame.

Wakati tunapakua wali, meneja alifika na walinzi wake, na nyuma yake askari polisi wawili waliotolewa kituoni kwa pikipiki. Upole wa meneja ulikuwa umepungua.

"Mmeingiaje humu?"

"Kwa miguu," alisema yule jirani Mpemba.

"Hili ni eneo binafsi!"

Askari mkubwa, mtu wa makamo, alivua kofia alipomwona mama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bibi, kuna malalamiko kwamba mmevamia."

"Tumevunja nini?"

Askari alimgeukia meneja. "Wamevunja nini?"

"Wamepita mbele, baharini."

"Geti hawakuvunja? Ukuta?"

"Hawakuvunja, lakini..."

"Na bahari nayo imo kwenye mkataba wenu?"

Meneja alisema atawasiliana na wakubwa. Akasogea pembeni na simu. Askari alibaki amesimama, anatazama masufuria. Mama alimwekea sahani. Alisema yuko kazini. Mama akasema hata yeye yuko kazini. Mwishowe alikula amesimama, haraka haraka, mgongo ameugeuzia hoteli. Mdogo wangu naye alikuwa amekaa kando, hajui kama anakaribishwa. Mama alimmegea samaki kwa mkono wake, akamwekea juu ya wali, kisha akachota tonge kutoka sahani hiyo hiyo na kula yeye. Sikuweza kutazama zaidi. Nilijifanya naosha vikombe.

Tulikaa. Hilo ndilo jambo ambalo hatukulipanga. Tulidhani tutafukuzwa mapema, basi hatukufikiria kurudi, lakini simu ya meneja haikuleta amri na askari waliondoka na pikipiki yao. Tulikula, tukazungumza, shangazi aliimba wimbo wake kwa sauti ya kizee iliyokwaruza, watoto wadogo walilala mikekani, na tulipokuja kukumbuka, bahari ilikuwa imerudi. Maji yalikuwa yakipiga mwamba. Njia tuliyojia haikuwepo tena.

Meneja aliona wakati mmoja na sisi. "Sasa tokeni," alisema.

"Wapi?" nilimuuliza. "Utuzamishe?"

Ilibaki njia moja tu. Tulikunja mikeka, tukajitwika masufuria, tukapanda kwenye ile njia yao ya mawe iliyopita katikati ya nyasi, mbele ya mapokezi, mbele ya wageni waliokuwa wakinywa maji ya madafu. Mdogo wangu alitangulia na mama mgongoni. Tulipofika getini, mjukuu wa muuza mikate alikuwa zamu. Alitutazama tukija kutoka ndani, msafara mzima, akamtazama meneja aliyekuwa nyuma yetu anahema.

"Kijana," mama alisema kutoka mgongoni, "tiketi za kutokea mnauzia wapi?"

Alifungua geti lote, mabawa mawili, kama linavyofunguliwa kwa mabasi ya watalii. Nilipompita nilimwona amebana midomo asicheke.

Baada ya Idi niliitwa ofisini. Afisa alikuwa yule yule wa mkutano, na shati lake safi. Aliniambia nimetajwa kama kiongozi wa uchochezi, kwamba ninaharibu uwekezaji, na akanisogezea karatasi ya kuahidi kwamba haitatokea tena. Nilimwambia sisaini.

Hakukasirika. Alionekana kuchoka. "Dada yangu, zahanati ya kijiji chenu mnataka dawa. Shule mnataka madawati. Unadhani vinatoka wapi? Nchi inadaiwa. Mimi siyo niliyekopa."

"Najua siyo wewe."

"Basi nifanye nini?"

"Mngetuomba tuchangie dawa, tungechangia. Msikiti ule wa kijijini tumeujenga kwa michango, na shule hiyo hiyo madarasa mawili ya kwanza ni ya nguvu zetu. Hamkutuomba. Mmekwenda kuweka rehani kitu ambacho hamkukipanda wala hamkukijenga, na wenye kukijenga mmeandika kwamba wametoweka. Mimi sijatoweka. Niko hapa, nimekaa kwenye kiti chako."

Akaniambia naweza kushtakiwa. Nikamwambia nashona Makorora, karibu na soko, mtu yeyote atamwonyesha. Niliondoka. Karatasi niliiacha mezani bila sahihi.

Hawakunishtaki. Walichofanya ni kuleta kadi. Kila familia yenye kaburi ilipewa kadi ya kuingia bure, na gazeti moja likaandika juu ya ukarimu wa kampuni. Familia nyingine zilizichukua, na siwalaumu, kuna wenye magoti mabovu kuliko ya mama na hawana mwana wa kuwabeba. Mama aliirudisha yake kwa mkono wa mjukuu wa muuza mikate. Mdogo wangu hakuitwa tena walipoanza kujenga vyumba vipya. Alirudi barazani kwangu kwa miezi kadhaa, kisha akapata kazi ya kujenga vyoo vya shule huko Mkwaja, na anasema mgongo umepona, ingawa anaposema hivyo anajishika kiuno.

Sitasema tumeshinda. Ukuta upo. Watoto wa shule za Makorora hawaendi tena Rasini, kwa sababu kiingilio cha darasa zima hakuna mwalimu anayeweza kukimudu. Kisima bado kina kamba. Mkataba una miaka mingi mbele yake, zaidi ya niliyobakiza mimi.

Lakini kila bamvua tunakwenda. Siyo wengi kila mara. Mara nyingine tuko watano, tunakaa kidogo, tunanywa chai na kurudi kabla maji hayajageuka. Wanawake wa kwaya ya kanisa la baba walikuja mara mbili. Walinzi wameacha kutuita wavamizi. Wanatuita wale kina mama.

Bamvua lililopita tulikuta wamepanga vitanda vya kuotea jua mpaka kwenye ukuta wa kibla, vimeegemezwa kwenye nakshi zenyewe, na taulo zimetundikwa juu. Mlinzi mgeni, ambaye hatukumjua, alituambia tusiguse mali ya kampuni. Mama, aliyekuja mgongoni mwa mdogo wangu, alikuwa ameketi juu ya jiwe, amechoka, anavuta pumzi. Akatuashiria kwa kidevu.

Tukaviondoa kimoja kimoja. Tulivibeba wawili wawili, taratibu, bila kukwaruza kimoja, tukavipanga safu nzuri kwenye nyasi na taulo tukazikunja juu yake. Mlinzi alikuwa akizungumza kwenye redio yake muda wote huo. Tulipomaliza tukafagia mchanga chini ya ukuta, tukatandika mikeka.